Unataka kununua Fleetwood Mac? Geuza kava kwanza usome nani anapiga humo ndani

Kabla hujatoa hela yako kwa albamu yoyote ya Fleetwood Mac, iwe sahani ya santuri au CD, geuza kava usome majina ya wapigaji. Nasema hivyo kwa sababu hii bendi jina halijabadilika tangu 1967 ila watu waliopita humo ni wengi mno, kuna Fleetwood Mac ya bluzi ya London, kuna ya katikati ambayo wengi hawaijui kabisa, na kuna ile ya California iliyouza dunia nzima, kwa hiyo mtu akikwambia chukua Fleetwood Mac tu ni nzuri, bila kukutajia ya mwaka gani, hajakusaidia kitu. Wawili tu ndo wapo kwenye kila albamu ya studio, Mick Fleetwood kwenye drams na John McVie kwenye besi, na jina la bendi limetoka kwao hao hao. Wapiga solo na waimbaji ndo waliokuwa wanaingia na kutoka, na kila akiingia mtu mpya muziki unageuka.

Na angalia sana mitego miwili. Kuna albamu mbili zinaitwa Fleetwood Mac, basi, hivyo hivyo. Ya 1968 ni bluzi tupu ya mpiga gitaa Peter Green, kwenye kava kuna kichochoro na mapipa ya taka. Ya 1975 ndo ya mwanadada mwimbaji Stevie Nicks na mpiga gitaa Lindsey Buckingham, picha yake nyeusi na nyeupe wako Fleetwood na McVie. Halafu kuna Greatest Hits mbili, moja ya 1971 na nyingine ya 1988, na hazina wimbo hata mmoja unaofanana! Ukiagiza mtandaoni bila kuangalia mwaka unaweza ukasubiri Dreams ya Stevie ukaletewa Albatross ya Green. Zote nzuri, ila sio ulichotaka.

Haya, huu ndo mpangilio wangu.

Namba moja: Rumours (1977)

Kuna watu wakishakolea na muziki wanaanza kuikwepa Rumours eti kila mtu anayo. Achana nao. Hii ndo ya kuanzia. Sehemu kubwa ilirekodiwa Sausalito, California, mwaka 1976, na kipindi hicho John na mkewe Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wa bendi, ndo wanaachana, Buckingham na Stevie nao wanaachana, ndoa ya Mick nayo inayumba, na bado wote watano inabidi waingie studio ileile kuimbiana nyimbo zinazowahusu wao wenyewe. Buckingham kaandika Go Your Own Way kuhusu Stevie, na Stevie huyo huyo yupo humo humo anaitikia. Sikiliza ukiwa unajua hilo, utaelewa kwa nini zile sauti zinabana vile. The Chain ndo wimbo pekee humo ulioandikwa majina ya wote watano, na pale mwishoni John anapoingia na besi peke yake, kama uliwahi kuangalia mbio za magari za Formula 1 enzi BBC wanaitumia kufungulia kipindi, utaijua hapo hapo.

Ilikaa namba moja Marekani wiki 31, ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka, na imeshauza zaidi ya nakala milioni 40. Kwako mnunuzi hii namba ina maana moja kubwa, sahani za zamani za Rumours zimejaa duniani, kwa hiyo muuzaji asikubane kwa bei akisema ni adimu, sio adimu hata kidogo. Iangalie kwenye mwanga kama ina mikwaruzo mirefu, iweke sehemu tambarare uone kama haijapinda, na kama imechoka iache, nyingine ipo. Ukienda kwenye CD tafuta ya 2004 au ya 2013 kwa sababu zina Silver Springs, wimbo wa Stevie ulioachwa nje ya albamu mwaka 1977 kwa kukosa nafasi kwenye sahani, ukaishia kuwekwa upande wa pili wa singo ya Go Your Own Way. Binafsi naona ni kati ya nyimbo zake bora kabisa, kuwa na Rumours bila huo wimbo inakuwa bado haijatimia.

Namba mbili: Then Play On (1969)

Hapa ndo wengi watanikatalia, watasema ya pili lazima iwe ya 1975. Mimi nasema hapana, kwa sababu ukitoka Rumours moja kwa moja ukaenda ya 1975 utadhani umeshaijua hii bendi wakati hujamsikia hata mara moja mtu aliyeianzisha. Peter Green alitoka kwenye bendi ya bluzi ya John Mayall, akamchukua Mick, akamchukua Jeremy Spencer wa kupiga gitaa la slaidi, akaipa bendi jina la Fleetwood na McVie hata kabla McVie hajakubali kuja, alikuwa bado anaogopa kuacha mshahara wa uhakika kwa Mayall, ndo maana shoo ya kwanza Agosti 1967 aliyepiga besi ni Bob Brunning. Green angeweza kujiita yeye, watu walikuwa wanamfuata yeye, hakutaka. Black Magic Woman unayoijua kwa Santana ni ya huyu jamaa, ya 1968. Albatross, wimbo usio na neno hata moja, ulifika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1969.

Then Play On wanakuwa na wapiga gitaa watatu kwenye orodha maana alikuwa ameshaongezwa Danny Kirwan, kijana wa miaka 18 alipoingia, ila Spencer humo karibu hayupo, kazi ni ya Green na Kirwan. Magitaa yanaongea taratibu, hakuna anayekimbizana na mwenzake. Na ndo ya mwisho kwa Green, Mei 1970 akaondoka, alishaanza kuwashawishi wenzake wagawe hela zao, na baadaye akaugua akili kwa miaka mingi. Inaniuma kila nikiisikiliza, sitaki kuficha.

Kwenye kununua kuwa makini, hii albamu ina matoleo yenye orodha tofauti za nyimbo, ya Marekani ilipangwa tofauti na ya Uingereza na baadaye wakaipangua tena ili kuingiza wimbo wa Oh Well. Chukua toleo la 2013, lina mpangilio wa kwanza wa Uingereza na mwishoni wameongeza Oh Well sehemu zote mbili na wimbo wa The Green Manalishi. Hiyo moja inatosha.

Namba tatu: Fleetwood Mac (1975)

Mwisho wa 1974 bendi ilikuwa imebaki na watu watatu tu, Mick, John na Christine. Mick akaenda studio ya Sound City, Los Angeles, kuangalia kama itamfaa kurekodia, produsa Keith Olsen akampigia wimbo wa vijana wawili waitwao Buckingham Nicks ili asikie studio inavyotoa sauti, na Mick akaondoka na lile gitaa kichwani. Alimtaka mpiga gitaa tu, Buckingham akamwambia mimi na Stevie tunakuja pamoja au hatuji. Wakaja. Rhiannon imo humu, Landslide imo humu, na Christine McVie ana Say You Love Me na Over My Head, na naomba umsikilize Christine vizuri kwa sababu watu wanamsahau kirahisi wakati nyimbo nyingi zilizopigwa redioni ni zake. Albamu ilipanda polepole mno, ilichukua zaidi ya mwaka mzima kufika namba moja Marekani, Septemba 1976.

Namba nne: Tusk (1979)

Usianze na hii. Ni sahani mbili, nyimbo 20, na Buckingham alikuwa hataki kabisa kurudia Rumours, basi nyingine zinasikika kama zimerekodiwa bafuni na nyingine zimeng'arishwa mpaka basi. Iligharimu zaidi ya dola milioni moja, na kwenye wimbo wa Tusk waliita bendi ya matarumbeta ya chuo kikuu cha USC wakairekodia ndani ya uwanja wa Dodger. Mtu akishaipenda haiachi. Ila CD zake za kwanza za miaka ya 80 usichukue, Sara waliikata ili albamu yote iingie kwenye CD moja, kumkatia Stevie wimbo kama ule haikubaliki. Kuanzia matoleo ya 2004 Sara imerudi nzima.

Namba tano: Bare Trees (1972)

Hii ndo ya kumnunulia mtu anayedhani anazo zote. Kati ya Green na Stevie kuna miaka mitano hivi watu wanairuka, na humo ndani kulikuwa na vurugu, Spencer alitoka hotelini Los Angeles Februari 1971 hakurudi, kumbe ameingia kwenye kundi la dini la Children of God. Akaja Mmarekani Bob Welch wa kupiga gitaa na kuimba. Bare Trees ni Welch, Kirwan na Christine, wote watatu wanaandika, na ni albamu tulivu ya jioni, ina Sentimental Lady ambayo Welch aliirudia mwenyewe 1977 ikawa hit kubwa. Hata picha ya miti kwenye kava kapiga John McVie. Kirwan alifukuzwa Agosti mwaka huo huo, alivunja gitaa lake kabla ya shoo akagoma kupanda jukwaani. Miaka miwili baadaye meneja wao akadai jina ni mali yake, akapeleka wanamuziki wengine kabisa Marekani wapige kama Fleetwood Mac, ikawa kesi mahakamani, na bendi ya kweli ikahamia California. Bila lile sakata pengine Mick asingekuwa karibu na Sound City.

Tango in the Night (1987) naiweka ya sita. Everywhere na Little Lies za Christine ni tamu, ila vinanda na drams ni vya enzi ile, na Buckingham akajitoa kabla ya ziara. The Dance (1997) ya saba, laivu, watano wamerudi pamoja, na Silver Springs ya humu Stevie anaimba amemkazia macho Buckingham, tafuta DVD kama unaweza.

Za kuacha mpaka mwisho: Penguin (1973) na Time (1995). Time haina Stevie, Buckingham anaitikia tu kwenye wimbo mmoja, wapo Dave Mason na Bekka Bramlett, watu wazuri hao, ila nyimbo hazikushika na hata chati ya albamu 200 za Marekani haikuingia.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu na unataka kusikia vipindi vyote, chukua 50 Years – Don't Stop ya 2018, CD tatu, inaanza na Green mpaka mwisho. Na kama wewe ni mtu wa kutafuta vitu, Mick Fleetwood alienda Ghana mwaka 1981 akarekodi Accra na wanamuziki wa kule, albamu inaitwa The Visitor, iko kwa jina lake sio la bendi, na Peter Green kapiga humo kwenye Rattlesnake Shake, wimbo wake mwenyewe wa kwenye Then Play On.