Darubini ya kwanza ya kutazamia nyota: ununue ipi ukiwa na pesa kidogo

Boksi la darubini yangu ya kwanza lilikuwa na picha ya sayari ya Zohali yenye rangi ya dhahabu, na maandishi makubwa kwamba chombo kinakuza mara 180. Ndani mlikuwa na bomba jepesi la plastiki na stendi ya miguu mitatu iliyonifika magotini. Usiku huo Mwezi ulitikisika kama taa ya ngalawa. Zohali sikuipata kabisa, maana kila nilipoigusa darubini niisogeze kidogo, anga lote liliruka. Binti yangu alisubiri zamu yake kwa subira, akatazama, hakuona kitu, akaenda kulala. Hilo la binti ndilo lililoniuma. Tangu hapo nimetazama kwa darubini nyingi za bei ndogo, zangu na za kuazima, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyekwisha weka akiba yake, yuko Kariakoo au River Road, au anapekua maduka ya mtandaoni kwenye simu, na hajui ashike ipi.

Kwanza sahau hilo la kukuza mara ngapi. Darubini yoyote inaweza kukuza mara yoyote: unagawanya urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi pale nuru inapokutana) kwa urefu wa fokasi ya lenzi ya jichoni, basi. Ukiweka lenzi ya jichoni yenye fokasi fupi zaidi, namba inapanda. Lakini nuru iliyoingia ni ileile, kwa hiyo picha inakua huku ikififia na kujaa ukungu. Mwisho wa matumizi ya maana ni takribani mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 haina cha kukuonyesha zaidi ya mara 100, na hapo hewa iwe imetulia. Mwezi Januari 1610 Galileo aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) kwa chombo kilichokuza kama mara 20 tu.

Namba ya kutafuta ni kipenyo cha lenzi ya mbele, au cha kioo kikuu kwa darubini zinazotumia kioo badala ya lenzi. Nuru inaongezeka kwa eneo, si kwa upana, ndiyo maana kioo cha milimita 130 kinakusanya nuru zaidi ya mara tatu ya lenzi ya 70, na karibu mara saba ya lenzi ya 50. Darubini nyingi zisizo na jina kubwa zinazouzwa kwetu zina alama kama F36050 au F30070. Isome hivi: tarakimu tatu za mwanzo ni urefu wa fokasi, mbili za mwisho ni kipenyo. F36050 ni fokasi ya milimita 360 na kipenyo cha 50. Muuzaji akikwambia hii ni kubwa na ile ni ndogo, wewe soma alama.

Kinachofuata kwa umuhimu ni stendi. Stendi inayotikisika inaua hata lenzi nzuri. Ukiwa dukani, elekeza darubini kwenye antena au mnara wa msikiti ulio mbali, igonge kwa kidole, kisha hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, sawa. Ikiendelea kucheza hadi umefika sita, irudishe rafuni.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna jambo letu ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haituambii. Sayari zinapita juu sana kwetu. Dar es Salaam iko nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta, na sayari ikifikia kilele cha njia yake huwa nyuzi 55 au zaidi juu ya upeo, mwaka wowote. Mtu wa London kuna miaka anaitazama Zohali ikiwa nyuzi 15 tu juu ya mapaa, katikati ya hewa nzito inayochemka. Kwa hiyo darubini ileile ya bei ndogo inaweza kutupa picha safi kuliko inavyompa yeye. Tena tunaona makundi ya nyota ya pande zote mbili: Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa usiku mmoja, na Jabari anapita karibu na utosi.

Ila neema hiyo ina gharama yake. Darubini ndefu ya lenzi iliyopandishwa kwenye miguu mitatu, ukiielekeza utosini, mkia wake unagonga miguu na wewe unapiga magoti chini kutafuta pa kuweka jicho. Na ile stendi ya ikweta, yenye chuma cha kusawazisha uzito upande mmoja, licha ya jina lake haitufai sisi wa ikweta. Mhimili wake unatakiwa uinamishwe kwa kipimo cha latitudo yako na kuelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Nairobi au Kampala maana yake ni mhimili uliolala karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi za bei ndogo hazishuki hadi hapo, na ukizilazimisha, kile chuma kinapiga mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini, ambayo maelekezo yanakwambia uitumie, Dar es Salaam iko chini ya upeo, haionekani. Nimeshuhudia watu wenye bidii wakihangaika jioni nzima na stendi hizi, wakadhani wao ndio hawajui. Wanajua. Chombo kimetengenezwa kwa ajili ya mahali pengine.

Sasa nipange.

Ya kwanza, kama pesa inafika: darubini ya kioo ya kuweka mezani, ya milimita 114 hadi 130. Ninayoipendekeza bila wasiwasi ni Sky-Watcher Heritage 130P. Kioo chake ni cha milimita 130, fokasi 650, na bomba linakunjwa hadi nusu ya urefu, kwa hiyo inaingia kwenye begi la basi. Lenzi mbili za jichoni zinazokuja nayo, za fokasi ya milimita 25 na 10, zinakupa mara 26 na mara 65. Kwa ile ya kwanza unauona Mwezi mzima na nafasi imebaki pembeni. Kwa ya pili kasoko za Mwezi, yale mashimo yake, zinasimama na vivuli vyake, mikanda ya Mshtarii inaonekana, na pete za Zohali zinajitenga na sayari. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi. Sasa zinazidi kufunguka kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Stendi yake haina miguu. Ni kiti cha mbao kinachozunguka, unakiweka juu ya stuli imara au ukuta mfupi, unasukuma bomba kwa mkono juu, chini, kushoto, kulia. Mtindo huu, Dobsonian, unabeba jina la John Dobson, aliyekuwa mtawa, ambaye tangu miaka ya 1960 alitengeneza darubini za mbao na mabomba ya karatasi ngumu na kuzisimamisha kando ya barabara za San Francisco ili kila mpita njia atazame. Alitaka watu wa kawaida wamudu kioo kikubwa, na ndiyo sababu hata leo pesa yako katika mtindo huu inakwenda kwenye kioo, haimalizikii kwenye vyuma. Kwetu unafaa zaidi, kwa kuwa kuelekea utosini hakugongi kitu.

Kasoro Heritage inazo. Bomba lake liko wazi katikati, hivyo taa ya jirani inaingia; zungushia kitambaa cheusi, kazi ya dakika kumi kwa fundi cherehani. Pia vioo vinahitaji kupangwa upya baada ya safari ya barabara mbovu, jambo linalotisha mara ya kwanza na kuzoeleka mara ya tatu. Bei huko Marekani na Ulaya huwa kati ya dola 200 na 300. Ukiagiza, uliza gharama yote kabla ya kulipa: usafiri, ushuru, na VAT, ambayo ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya. Mwenye ndugu anayerudi kutoka Dubai au London na nafasi kwenye mzigo ana bahati.

Ya pili wengi hawaitarajii: darubini ya macho mawili, 10x50 au 7x50. Namba ya mbele ni kukuza, ya nyuma ni kipenyo. Naiweka juu ya darubini nyingi halisi kwa sababu haina cha kuharibika haraka, haihitaji kujifunza, na mchana ina kazi nyingine. Lala chali kwenye mkeka au kitanda cha kamba, egemeza viwiko kifuani, itazame Kilimia. Kwa macho matupu ni nyota sita au saba. Hapo zinakuwa kadhaa wa kadhaa, za samawati, na ukiitazama utaelewa kwa nini wahenga waliifanya kalenda: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miezi minne ya Mshtarii inaonekana pia, ukiegemea mahali imara. Pete za Zohali hapana, usidanganyike. Kwa mtu wa Pwani ina faida nyingine, ya kutafuta hilali jioni ya mwandamo, mradi jua liwe limezama kabisa kabla hujaiinua. Ya 10x50 inayofaa hupatikana kwa dola 50 hadi 100. Epuka zenye lenzi za rangi nyekundu inayong'aa, na zile zinazodai kukuza mara 30 au zaidi mkononi.

Ya tatu ni darubini ndogo ya mezani, ya 76 au 100. Celestron FirstScope ya milimita 76 ilitoka mwaka 2009, Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, na bomba lake limeandikwa majina ya wanaastronomia. Fokasi ni 300. Lenzi ya jichoni ya 20 inakupa mara 15 zenye picha pana na ya kupendeza. Ile ya 4 inayokuja nayo iache kwenye boksi. Kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili ni zawadi nzuri, kwa kuwa anaibeba mwenyewe. Ukiweza kuongeza hadi Heritage ya milimita 100, ongeza.

Ya nne ni ya lenzi, milimita 70, kama Celestron AstroMaster 70AZ yenye fokasi 900. Mwezi na Mshtarii zinakuwa safi, haihitaji kupangwa vioo, na mchana unatazama mlima ukiwa wima. Naishusha kwa sababu ya utosi niliousema, na kwa kuwa kwa nebula (mawingu ya gesi angani) na vishada vya nyota nuru yake ni kidogo. Anayeishi katikati ya jiji lenye taa nyingi, asiyeona zaidi ya Mwezi na sayari, anaweza kuipandisha nafasi moja.

Za F36050 na wenzake sizipangi. Ukipewa bure, toa ile lenzi ya Barlow, ya kuzidisha ukuzaji, tumia lenzi ya jichoni yenye namba kubwa zaidi, funga bomba kwenye stendi nzuri ya kamera, utazame Mwezi. Kwa pesa yako mwenyewe, nunua ya macho mawili.

Kabla ya kulipa, pima kwa rula tundu la kuwekea lenzi ya jichoni: liwe la inchi 1.25, yaani karibu milimita 32. Lile jembamba la milimita 24.5 litakufungia mlango wa lenzi bora baadaye. Chungulia pia ndani ya bomba kutoka mbele. Zipo zenye lenzi pana mbele na pete nyembamba nyuma yake inayozuia nuru, na wewe unauziwa kipenyo usichokipata.

Kuhusu Jua sitapunguza sauti. Darubini ikielekezwa kwenye Jua inaunguza jicho papo hapo. Boksi likija na kioo kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jichoni, kitupe siku hiyohiyo, kwani joto hukipasua jicho likiwa palepale. Kichujio salama kinafunika mbele ya bomba lote. Nayasema haya kwa sababu kupatwa kwa Jua kunarudi: watu walijaa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, na tarehe 2 Agosti 2027 Mwezi utalifunika Jua lote Luxor na Jeddah, huku sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikiliona likimegwa.

Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, adui wa chombo chako ni unyevu. Kuvu huota kwenye lenzi kama utando wa buibui na hautoki kwa kufuta. Kausha darubini kwa feni kabla ya kuifunika, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Usiku wa kwanza chagua Mwezi wa siku sita au saba, si mpevu, maana vivuli vya kasoko ndivyo vinavyoonyesha kina. Toa darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Na mtoto awe wa kwanza kutazama, nawe umsogezee kiti.