Nyoka wa mahindi: umnunue kwa nani, na nani umpite

Mwanangu alipotimiza miaka 11 aliomba zawadi moja tu: nyoka. Mama yake akacheka, akidhani utani. Bibi yake, kwa simu kutoka Muheza, akauliza kama huko Marekani mbuzi wamekwisha. Mimi nilinyamaza. Nimekulia mahali ambapo nyoka akionekana uani hakuna anayeuliza jina lake, kinachoulizwa ni panga liko wapi. Na wala si ujinga. Kwenye nchi ya koboko, swila na kifutu, anayesimama kuchunguza rangi ndiye anayeumwa.

Miaka 6 baadaye nyoka yuko sebuleni kwetu, viungani mwa Chicago, na mimi ndiye ninayepigiwa simu na Waswahili wenzangu ambao watoto wao wameona wa jirani. Wote huanza na rangi, kisha bei. Mimi huwauliza jambo moja: huyo unayetaka kumnunua amekwisha kula mara ngapi, na nani aliyeandika? Wa kwanza tuliyemnunua hatukuuliza hilo. Alikufa baada ya wiki 9.

Kwanza tumjue mwenyewe. Ukienda dukani sema corn snake. Ni mzaliwa wa kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey hadi Florida. Hana sumu, humkaba panya kwa mwili mpaka afe. Mkubwa hufika sentimita 90 hadi 150, unene wa mpini wa jembe au pungufu. Jina lake wengine hulitoa kwenye maghala ya mahindi alikokuwa akiwinda panya, wengine kwenye tumbo lake lenye madoadoa meusi na meupe yaliyopangana kama punje za gunzi la rangi mbili. Anaishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa, hata zaidi. Hapo ndipo wazazi wengi husita, na wana haki: mtoto wa miaka 11 leo atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, na nyoka bado yupo. Ukikubali hilo, hawa hapa wauzaji, kuanzia aliye bora.

Nafasi ya 1: mfugaji mdogo, nyoka wa mwaka mmoja

Wa pili hamkaribii huyu. Mara nyingi ni mtu mwenye kazi nyingine kabisa, mwalimu au fundi umeme, aliyegeuza chumba kimoja kuwa rafu za masanduku ya plastiki. Ana majike matatu, manne. Kila nyoka ana kadi: siku aliyoanguliwa, kila mlo, kila alipojivua gamba. Kadi hiyo ndiyo hasa unayoilipia.

Sababu ni hii. Mtoto wa nyoka huyu akitoka kwenye yai ana urefu wa sentimita 25 hivi na wembamba wa penseli. Porini wengi huanza maisha kwa kula mijusi na vyura wadogo, kwa hiyo wapo wanaogoma kabisa wakiletewa kitoto cha panya. Mfugaji mwenye adabu huhangaika na wagomaji mwenyewe, hamuuzii mtu. Sharti langu ni milo 10 mfululizo ya panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa, bila kutapika hata mara moja. Nyoka wa mwaka mmoja ameshavuka bonde hilo zamani, na anavumilia makosa ya mgeni kuliko mchanga.

Ukifika, usione haya kumshika na kumkagua kama unavyokagua kuku sokoni. Mwili uwe mviringo, uti wa mgongo usitokeze. Macho maangavu, isipokuwa kama yuko karibu kujivua gamba, ambapo huwa na ukungu wa buluu. Mdomo usiwe na povu, pumzi isiwe na mluzi. Tundu la haja liwe safi. Kisha mpitishe kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Zikibaki nukta nyeusi zinazotembea, ni utitiri. Huo hupenda kujificha kuzunguka macho na chini ya kidevu. Aga kwa heshima, uondoke.

Bei nilizokutana nazo kwa wa rangi ya kawaida ni kati ya dola 50 na 100.

Nafasi ya 2: mtu mzima anayetafuta makao

Wanafunzi huhama, wapenzi huachana, watoto huenda chuo. Nyoka hubaki. Vyama vya wapenzi wa reptilia, kama Chicago Herpetological Society kilichoanzishwa 1966, ni mahali pazuri pa kuulizia. Mlioko Uingereza, RSPCA, shirika la kutetea wanyama, hupokea nyoka wa namna hii mara kwa mara. Faida yake ni kwamba unaona ukubwa wake wa mwisho na tabia yake, na mara nyingi anakuja na kizimba chake. Nimemweka wa pili kwa sababu moja tu: historia ya afya yake mara nyingi ni ya kusimuliwa. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia akiwa na choo chake kwenye mfuko, kipimwe.

Nafasi ya 3: maonyesho

Ni maonyesho ya reptilia, na kwetu ni yale ya Tinley Park, kitongoji cha Chicago. Utakuta meza na meza za nyoka kwenye vikopo vya plastiki, kila rangi Mungu aliyoiumba na nyingine ambazo wafugaji walimsaidia. Wauzaji wengi ni walewale wa nafasi ya 1, wanazo kadi, na bei hushuka jioni ya siku ya mwisho. Tatizo si wao, ni wewe. Ukiwa na mtoto anayekuvuta mkono, kizimba hakijawashwa nyumbani, utatoka na nyoka na mfuko wa makolokolo. Nenda mara ya kwanza bila mtoto. Chukua majina na simu.

Nafasi ya 4: mtandaoni

MorphMarket ni soko kubwa la kweli, na wafugaji hodari wamo. Ila shirika la posta la Marekani halibebi nyoka, kwa hiyo lazima aje kwa kampuni ya usafirishaji wa usiku mmoja, na nauli inaweza kupita bei ya nyoka. Usikubali asafirishwe wakati wa baridi kali au joto la kupindukia. Omba video yake akila, iliyopigwa wiki hii.

Nafasi ya 5: duka kubwa la wanyama

Hapa ndipo tulipoanzia. Mwekundu, mzuri, dola 60 na kitu. Kijana wa dukani alisema "anakula vizuri", nami nikaliita hilo jibu. Akala mara mbili, mara ya tatu akatapika, kisha kila alichomeza kikarudi. Daktari alimpapasa akakuta uvimbe katikati ya mwili, akapima: kriptosporidiamu, kimelea cha tumbo ambacho kwa nyoka hakina dawa ya kutegemewa. Kinaenea panapokaa wanyama wa kutoka kila upande, na dawa ya klorini tunayofulia nguo nyeupe haikiui. Tulitupa kila kitu, mpaka kopo la maji. Mwanangu hakulia mbele yetu.

Sisemi maduka yote ni hivyo. Nasema dukani hakuna kadi, na aliyekuuzia kesho yuko zamu nyingine.

Usiguse: wa kuokota

Kwenye majimbo anakotoka, watu humwona nyoka huyu bustanini wakafikiri wamepata cha bure. Georgia hairuhusu kufuga nyoka wa asili wasio na sumu kama kipenzi cha nyumbani. New Jersey imemweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na kibali kinatakiwa hata kwa aliyezalishwa kwa mfugaji. Hawaii haitaki nyoka wa aina yoyote majumbani. Na kuna jambo la kutisha zaidi ya sheria: nyoka mwenye sumu wa huko aitwaye copperhead hufanana naye kwa jicho la haraka.

Na tafadhali msiniulize tena habari ya kumpelekea mpwa Nairobi. Mbali na vibali, nyoka huyu alishafika Visiwa vya Cayman kwa bahati mbaya, akazaana, na sasa ni mgeni asiyeondoka. Mpwa apelekwe Watamu, kwenye bustani ya nyoka ya Bio-Ken, akawaone wa kwetu nyuma ya kioo.

Pesa halisi iko kwenye kizimba

Nyoka ndiye kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Andaa dola 300 hadi 500 za makao, na uzitumie kwa mpangilio huu.

Kwanza thamostati, kifaa kinachodhibiti joto. Mkeka wa joto au taa bila thamostati ni jiko lisilo na mpishi, litamuunguza. Upande wa joto uwe nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, upande wa pili 22 hadi 25, naye atahama mwenyewe kadiri anavyotaka. Yale mawe ya umeme yanayouzwa kama "mawe ya kuotea joto" yaacheni rafuni.

Pili kifuniko chenye kufuli au vibanio. Panapopita kichwa, mwili wote unapita. Wa kwetu alitoroka siku 3, akapatikana nyuma ya friji, na mke wangu alilala kwa dada yake siku zote hizo.

Tatu ukubwa: sentimita 120 kwa 60 kwa 60 kwa mkubwa. Mdogo anaweza kuanza kwenye sanduku dogo lenye maficho mengi. Weka maficho mawili, moja kila upande, la sivyo atachagua usalama na kuacha joto. Matandiko yawe maranda ya mti wa aspen, makavu. Ya mwerezi na msonobari yana harufu inayomdhuru. Unyevu asilimia 40 hadi 60, uongeze anapokaribia kujivua gamba. Mapambo ya fuvu na meli iliyozama yanamfurahisha mnunuzi peke yake.

Mmoja kwa kizimba kimoja. Hawa hawahitaji mwenzi.

Rangi

Wapo wasio na weusi kabisa, wenye wekundu na chungwa tupu. Wapo wa kijivu wasio na wekundu. Ukizichanganya damu hizo mbili kwa vizazi viwili unapata mweupe wa waridi aitwaye "theluji". Okeetee, wa wekundu uliokolea na mipaka minene myeusi, jina lake latokana na eneo la uwindaji huko Jasper County, South Carolina. Zote zinakula sawa. Kwa wa kwanza, chukua wa kawaida. Za mamia ya dola ni biashara ya wazalishaji.

Chakula, na friza ya nani

Mchanga hula kitoto cha panya kisichoota manyoya kila baada ya siku 5 hadi 7. Mkubwa hutosheka na panya mmoja mzima kila siku 10 hadi 14. Nunua waliogandishwa, panya hai humng'ata nyoka. Yeyusha kwenye friji, kisha pasha kwa maji ya moto kidogo ndani ya mfuko, kamwe si kwenye maikrowevu, utajutia. Mpe kwa koleo, usimshike kwa saa 48 baadaye. Nawa mikono kila umgusapo, maana reptilia hubeba salmonela, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike kabisa. Tulinunua friza ndogo ya peke yake baada ya shemeji kuja kutafuta barafu. Mke wangu ameiandikia SI NYAMA kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu wakati: mayai huanguliwa kati ya Julai na Septemba. Vuli hiyo soko hujaa wachanga, na kila mtu anauza. Wewe subiri. Mpigie mfugaji Aprili au Mei, anapohitaji nafasi kwenye rafu kabla ya mayai mapya, umwulize amebakiwa na nani wa mwaka jana. Wetu tulimpata hivyo, dola 70, kadi yake ikiwa na milo 31.