Karakana ya fundi redio nyuma ya Soko la Mbuyuni, Moshi: tathmini ya mwana redio wa ridhaa

Mjini Moshi, mtu mwenye redio ya ridhaa, yaani mtambo wa kuzungumza hewani na wenzake kwa kujifurahisha na si kwa biashara, hana duka maalumu la kukimbilia kifaa chake kinapoharibika. Kebo ya antena ya om 50 haipatikani kirahisi, kwa kuwa iliyojaa madukani ni ile ya om 75 ya madishi ya runinga. Plagi za PL-259, za kuunganishia kebo hiyo na redio, huagizwa kwa mtu anayesafiri. Na mafundi wengi wa simu, ukiwawekea mezani redio inayopokea na kurusha kwenye masafa mafupi, huigeuza mara mbili na kukurudishia kwa heshima. Kwa sababu hiyo nimeona ni haki kuandika kwa urefu juu ya karakana moja ndogo iliyo nyuma kidogo ya Soko la Mbuyuni, ambayo nimeitumia mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na ambayo ninaamini inamfaa mwana redio yeyote wa Moshi, hata wa Arusha aliye tayari kusafiri kilomita 80.

Karakana yenyewe haina kibao. Ni chumba kimoja chenye benchi, rafu za redio za transista zinazosubiri wenyewe, na jiko la makaa mlangoni ambalo matumizi yake nitayaeleza. Fundi ni mzee aliyejifunza kazi wakati redio ilikuwa mali ya nyumba nzima, nami humwamkia shikamoo kabla ya kuweka chochote mezani. Siku ya kwanza nilipomwonyesha redio yangu hakuanza na bei, alianza na leseni. Nilimpa nakala ya leseni niliyopewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ishara ya kituo inayoanza na 5H, akaisoma hadi chini ndipo akakubali kugusa kifaa. Nilimheshimu tangu pale, kwa kuwa fundi anayejua kwamba mtambo wa kurusha si sawa na redio ya kusikilizia taarifa ya habari ni fundi anayejua anachokishika.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya plagi. Antena yangu ni waya uliokatwa katikati, kila upande mita 5 na sentimita 7, kwa ajili ya masafa ya megahezi 14.1, mwisho mmoja umefungwa kwenye mparachichi na mwingine kwenye bomba la chuma nyuma ya jiko. Kila mvua ya masika ilipopiga, mawasiliano yalikatika, na nilijua kwamba kosa liko kwenye plagi niliyoilehemu mwenyewe. Nilikuwa nimetumia pasi ndogo ya wati 40, na mwili wa plagi ya PL-259 ni bonge la shaba linalonyonya joto lote, kiasi kwamba ukishikilia pasi muda mrefu ili risasi iyeyuke, plastiki ya ndani ya kebo inayeyuka kabla yake. Hapo ndipo jiko la makaa liliposhika kazi. Fundi alichomeka ndani ya makaa pasi nzito ya shaba, ya aina wanayotumia mafundi bati, akaiacha mpaka ncha yake ikabadilika rangi, akaifuta kwa kitambaa chenye maji, akaigusisha kwenye tundu la plagi kwa muda usiozidi kuhesabu moja hadi nne. Risasi iliingia ndani kama maji yanavyoingia kwenye mchanga, ikang'aa, naye akaondoa pasi. Baada ya kupoa aliivuta kebo kwa nguvu zake zote, kisha akanipa na mimi niivute. Plagi zote mbili zilinigharimu shilingi 6,000, na zimepita masika nzima bila kulegea.

Hata hivyo nisingeandika makala haya kwa sababu ya plagi. Sababu ni kelele.

Mwaka jana nilifunga umeme wa jua nyumbani ili kukatika kwa umeme kusinizimie kituo, nikanunua paneli, betri na kontrola ya sola kwenye duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Wiki ileile redio ilianza kuunguruma. Haikuwa mikwaruzo ya radi, ambayo kila mtu wa hapa chini ya Kilimanjaro anaizoea wakati wa mvua, bali mvumo usiokoma uliofunika masafa ya megahezi 7 hadi 21, na kwenye kioo cha redio ulionekana kama meno ya kitana yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Kipimo cha nguvu ya mawimbi, kinachopanda kwa hatua kuanzia S1, kilisimama S7 hata kabla mtu hajazungumza, maana yake ni kwamba kila sauti dhaifu ilizikwa. Fundi wa kwanza niliyempelekea, katika mji mwingine, alikaa na redio siku 9, akaniambia amebadilisha kipande cha ndani, akachukua shilingi 70,000, na kelele ikarudi nyumbani pamoja nami.

Nilipoifikisha Mbuyuni, mzee hakuifungua. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu, kelele yenyewe inaanza saa ngapi na inakoma saa ngapi?" Nilifungua daftari la mawasiliano, ninamoandika kila niliyemsikia na saa yake. Sisi huandika saa kwa wakati wa dunia, yaani UTC, na kwa msemaji wa Kiswahili hesabu yake ni nyepesi, kwa kuwa mchana unajumlisha tatu tu juu ya saa yetu: saa tatu asubuhi ni 06:00, saa tisa alasiri ni 12:00. Kurasa za miezi minne zilionyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika bila kulisoma. Watu wote niliowasikia vizuri walikuwa kabla ya 04:30 au baada ya 15:00, kwa maneno mengine kabla ya saa moja na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Fundi aliangalia daftari, akatazama nje kwenye jua, akasema, "Redio yako ni nzima. Nipeleke nyumbani kwako."

Alikuja Jumamosi mchana na redio ndogo ya betri ya mkononi, ya kawaida kabisa, iliyofunguliwa kwenye AM mahali pasipo na stesheni. Aliitembeza ukutani kama daktari anavyotembeza kifaa chake mgongoni kwa mgonjwa. Karibu na taa ilinyamaza, karibu na chaja ya simu ilinung'unika kidogo, na alipoifikisha kwenye kontrola ya sola ilipiga kelele kiasi cha kumtoa mke wangu jikoni. Alizima swichi ya paneli, kukawa kimya. Akaiwasha, mvumo ukarudi. Kisha akanieleza kwa subira kile ambacho mimi, mwalimu wa fizikia, nilipaswa kukifikiria mapema: kontrola hiyo hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuchaji betri, kila mkato unazaa mawimbi katika masafa mengi kwa pamoja, na waya mbili ndefu zinazopanda hadi kwenye paneli juu ya bati zinageuka kuwa antena ya kuyarusha. Jua likizama kontrola inalala, na kelele inalala nayo.

Tiba yake ilichukua saa tatu hivi. Alizisokota pamoja waya mbili za paneli kuanzia bati hadi ukutani, akazifupisha pale zilipokuwa zimelegea, akahamisha kontrola mbali na njia ya kebo ya antena, na akaviringisha waya hizo mara kadhaa ndani ya pete za feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya), moja upande wa paneli na nyingine upande wa betri. Hapa nataka wasomaji waangalie vizuri, kwa kuwa wengi tunadanganyika. Nilikuwa nimejikusanyia pete za rangi ya njano na nyeupe kutoka kwenye pawasaplai za kompyuta mbovu, nikidhani ni feraiti. Fundi alizikataa zote. Alisema hizo ni za unga wa chuma, zinafaa kazi yake ndani ya pawasaplai lakini haziwezi kuzuia mawimbi ya masafa yetu, na akatoa mfukoni pete za kijivu kilichokolea alizozivua kwenye kebo za kompyuta na runinga za zamani. Nilitaka kuhakikisha, akaniruhusu tujaribu. Kwa pete zangu za njano kipimo kilibaki S7. Kwa zake kilianza kushuka papo hapo.

Mwisho wa kazi mvumo ulikuwa S3. Kwa kuwa kila hatua ya kipimo hicho ni desibeli 6, hatua nne ni desibeli 24, lakini sikutaka kuamini mshale peke yake. Kuna vituo 18 duniani vilivyowekwa maalumu kwa ajili ya kupima jinsi mawimbi ya redio yanavyosafiri angani, vinavyorusha kwa zamu kwenye megahezi 14.100, kila kimoja kwa sekunde 10, na duru nzima hukamilika kwa dakika 3. Kila kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha hutoa milio minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa mwisho kwa sehemu ya kumi tu ya wati. Mimi hukisikiliza cha Pretoria, ZS6DN. Zamu inayofuata ni ya 5Z4B, cha Kenya, ambacho ingawa ni jirani mara nyingi sikipati, kwa kuwa mawimbi ya masafa hayo huruka juu ya vichwa vyetu na kutua mbali. Nikitaka kuzungumza na Nairobi mchana nashuka kwenye megahezi 7. Kabla ya tiba, mchana, nilikuwa nasikia jina la Pretoria na ule mlio wa kwanza tu. Jumamosi ile tulikaa wote wawili kimya, mzee ameinamisha kichwa, tukasikia wa kwanza, wa pili, na chini kabisa, mwembamba kama uzi, wa tatu. Wati moja kutoka Pretoria, zaidi ya kilomita 2,500, ndani ya chumba changu saa nane mchana. Mzee alinyoosha vidole vitatu bila kusema neno. Nilisikia furaha ambayo sijaipata tangu siku nilipojibiwa kwa mara ya kwanza nikiita kwa ishara yangu mwenyewe.

Kwa kazi hiyo alidai shilingi 30,000 pamoja na nauli ya bodaboda. Nilimwongezea.

Kasoro zipo, na nisipozitaja nitakuwa nimewapotosha wenzangu. Ya kwanza ni muda. Kazi ya tatu niliyompa ilikuwa kutengeneza pawasaplai ya volti 13.8, akaahidi Jumatano, nikaipata Jumatatu iliyofuata, na katikati ya hapo simu yake haikupokelewa. Kwa mtu anayetoka mbali, ahadi ya namna hiyo inaumiza, na nilimwambia hivyo waziwazi. Ya pili ni kwamba haandiki risiti wala dhamana; neno lake limetosha kwangu mpaka sasa, lakini mwenye kununulia klabu au shule vifaa atapata taabu ya hesabu. Ya tatu ni mipaka ya vifaa vyake. Ana mita nzuri, ana mikono na masikio, lakini hana mzigo bandia wa kupimia mtambo unaporusha kwa nguvu zote, wala hadubini ya kufanyia kazi vipande vidogo vilivyobandikwa juu ya bodi za redio za kisasa. Redio ya namna hiyo ikifa ndani, yeye si mtu wake, na kwa sifa yake anasema mwenyewe tangu mlangoni badala ya kukaa nayo siku 9.

Kwa hiyo ninampendekeza kwa moyo wote kwa kazi za nje ya boksi la redio: plagi, kebo, pawasaplai, milingoti, betri, na zaidi ya yote kelele, ambayo kadiri nyumba zetu zinavyojaa sola, taa za LED na chaja za bei ya chini ndiyo inayotuvunja moyo wengi. Najua watu wawili waliouza redio zao wakiamini kwamba Moshi ni mahali pabaya pa mawimbi.

Hufungua saa tatu asubuhi, hufunga saa kumi na moja jioni, Jumamosi nusu siku ikiwa hana kazi ya nyumbani kwa mtu, na Jumapili hayupo. Ukienda, chukua nakala ya leseni yako, chukua kipande cha kebo unayoitumia, na usiache daftari la mawasiliano nyumbani, kwa kuwa hilo ndilo atakaloomba kulisoma kwanza.