Micro:bit kwa klabu ya roboti shule ya msingi: nimeitumia mwaka mzima, naipa nyota 4

Mi ni mwalimu Morogoro, naendesha klabu ya ubunifu na roboti kwa darasa la 3 mpaka la 5 kila Ijumaa baada ya vipindi. Vibodi tunavyotumia (yaani bodi ndogo za kielektroniki, sio kibodi cha kuchapia) ni BBC micro:bit V2, tunavyo 6 na watoto ni 18 kwahiyo wanakaa watatu watatu, mmoja anashika mausi, mmoja anajenga, mmoja anasoma maelekezo alafu wanabadilishana. Wakizidi watatu, yule wa nne utamkuta dirishani.

Kwa asiyeijua, ni kibodi cha sm 4 kwa 5, mbele kina vitaa 25 na batani mbili, A na B, ndani kuna sensa ya kujua kimetikiswa, na hii V2 iliyotoka 2020 imeongezwa spika na maiki. Kuprogramu unatumia MakeCode, ni bure, mtoto anaburuta vipande vya rangi vyenye amri kwenye skrini anavipachika pamoja, ukichomeka kibodi kwenye laptopu kinatokea kama flashi unakopi faili lako humo basi imeisha. Dakika kumi mtoto ashaona jina lake linapita kwenye vitaa na hapo umeshampata. Mwaka 2016 Uingereza walivigawa kwa watoto wa miaka 11 na 12, ila wangu wa miaka 9 wanaviweza vizuri tu. Vipande sisi tunatumia vya Kiingereza ndo maana tumebandika manila ukutani yenye maana zake kwa Kiswahili, bila hiyo wa darasa la 3 wanakwama.

Kazi iliyowakamata kuliko zote ni ya mchicha. Kopo la maziwa, udongo, misumari miwili imechomekwa kwa mbali kidogo, mmoja waya unaenda pini ya 3V mwingine pini ya 0, kibodi kinasoma unyevu. Binti mmoja wa darasa la 4 alimwaga maji kidogo kidogo kwa kizibo cha soda huku anasoma namba inavyopanda, kila kizibo anaandika kwenye daftari, mpaka kengele ikalia hajanyanyuka. Sikumwambia aandike mimi.

Sasa tatizo kubwa, na nalisema wazi ili usije ukaumia kama mimi, micro:bit peke yake haiendeshi mota. Tulijenga gari la boksi, ekseli za vijiti vya mishikaki, tukafunga mota ya toi bovu moja kwa moja kwenye kibodi, kimya. Umeme unaotoka pale ni mdogo mno, unahitaji bodi nyingine ya kuendeshea mota na betri zake. Sura za wale watoto siku ile ziliniuma kwakweli, kwahiyo weka hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na waya za USB, duka moja niliuziwa za kuchajia simu tu, hazipitishi data, laptopu haioni kibodi kabisa. Wiki mbili nahangaika nikidhani vibodi vimekufa! Jaribu kila waya hapohapo dukani. Alafu kibodi kiko wazi hakina kava, usikiweke juu ya meza ya chuma kikiwa kimewaka.

Ukiwa na hela ya vitatu tu nunua vitatu, anza na watoto tisa, maboksi na vizibo watakuletea wenyewe kutoka nyumbani.