Ganda la moto shingoni: uzoefu wangu kwenye uwanja wa shabaha Houston

Mara yangu ya mwisho kushika bunduki ilikuwa JKT, mujibu wa sheria: SMG, tumelala kifudifudi vumbini, afande akihesabu maganda ya risasi moja moja. Kwa hiyo shemeji aliponipeleka kulenga shabaha kwenye ukumbi wa ndani hapa Houston, nilijiona mwenyeji. Wapi!

Mapokezi hawana papara. Kitambulisho, fomu ya kusaini, video fupi, halafu maswali. Mbele yangu kulikuwa na jamaa aliyekuja peke yake akitaka kukodi bastola, wakamkatalia kwa upole. Shemeji akaninong'oneza kwamba kumbi nyingi huku hazimkodishii mtu aliyekuja peke yake bila silaha yake, wakihofia asije kujidhuru. Hapo nikaanza kuwaheshimu.

Nilichukua bastola ya Glock 17 na risasi 50 za 9mm. Kizimba, yaani kijisehemu cha kusimama mpigaji, dola 25 kwa saa. Karatasi ya shabaha unaibana, unabonyeza kitufe, inasogea yenyewe hadi yadi 7, kama mita sita na nusu hivi. Shemeji akarudia masharti: mtutu utazame mbele muda wote, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga, na risasi ikigoma usiichungulie, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa kule kule mbele. Nikaitikia kama mtu anayejua.

Risasi ya nane au ya tisa, ganda likaruka, likagonga ukuta wa kizimba, likatumbukia ndani ya kola ya shati. Jamani, lile ganda ni kaa la moto! Mkono wa kushoto ukakimbilia shingoni, mwili ukaanza kugeuka, na wa kulia ukafuata, bastola imo. Msimamizi hakupiga hata kelele. Alinidaka kifundo cha mkono, akaurudisha mbele. "Weka chini." Akachomoa magazini, akavuta slaidi, akachungulia chemba kama kuna risasi iliyobaki, ndipo akaniruhusu kujikuna. "Siku nyingine liache likuunguze," akasema. "Utapona." Akaongeza kwamba nikirudia, tunatoka wote wawili, mimi na shemeji. Shemeji hakunitazama usoni kwa dakika kadhaa.

Nyota moja naikata kwa vifuniko vya masikio vya kukodi. Sponji zimepasuka, havikamati vizuri, na mlio wa bastola unapita desibeli 140, tena ndani ya kuta nne. Masikio yalinilia mpaka usiku. Nunua vizibo vya sponji pale kaunta uvivae chini yake.

Jirani wa kizimba cha pili naye alinichosha: kila nikivuta pumzi nilenge, yuko begani kwangu ananirekebisha mkono. Hata afande alikuwa anasubiri nimalize! Msimamizi akamrudisha kwake. Kumbe hata hilo wanalikataza.

Ukitoka, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au simu. Sisi Waswahili jina lenyewe linatukumbusha: risasi ni risasi, madini yale yale yenye sumu, na vumbi lake linabaki mikononi. Choo chao kina sabuni na maji ya kutosha, hapo sina neno.

Nyota nne. Nenda na fulana inayobana shingo, na kofia yenye ukingo. Shati la kola liache nyumbani.