Mama yangu kwenye mizani ya Wilson: uzoefu wangu

Uwanja wa ndege wa Wilson, ulio kando ya Barabara ya Langata jijini Nairobi, nimeupenda tangu ujana wangu, na ndiyo maana niliyoyaona pale majuzi yameniuma kuliko ambavyo yangeniuma mahali nisipopajali. Kosa si la uwanja. Ni la kampuni moja ya ndege ndogo yenye kaunta pale, ambayo sitaitaja, na hasa ni la karani aliyesimamia mizani siku nilipokuwa nikimrudisha mama yangu Lamu baada ya matibabu.

Asiyezoea ndege ndogo huenda akashangaa kusikia kwamba huko hupimwa abiria pamoja na mzigo wake. Sina ugomvi na utaratibu huo. Wilson upo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi, hivyo mabawa hupata hewa haba ya kujiegemeza, injini nayo hupungukiwa nguvu, na ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Rubani wa ndege ya injini moja yenye viti vichache hawezi kukisia uzito, wala hawezi kuwapanga watu bila kujua nani akae mbele na nani akae nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo kampuni nyingi za aina hii humruhusu abiria kilo 15 tu za mzigo, tena katika begi laini. Haya yote nilimweleza mama tukiwa nyumbani, naye akayakubali bila kinyongo.

Lililotushinda ni namna alivyotendewa. Mizani ilikuwa katikati ya chumba, mbele ya abiria waliokuwa wakingoja, na namba zake ziliwaelekea wao. Mama, ambaye amepita miaka 70 na hutembea kwa mkongojo, alimwambia karani, "Hujambo, mwanangu?" Karani hakuitikia, alimwamuru apande. Mama alipopanda huku amenishika mkono, alikaripiwa aniachie kwa kuwa anaharibu hesabu, kisha namba ikasomwa kwa sauti iliyofika mlangoni, na karani akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu ni wa viti viwili." Baadhi ya watu walicheka. Mama yangu, mwanamke wa Lamu asiyetoka nje bila buibui, ambaye hata kwa daktari huomba mlango ufungwe kwanza, alibaki juu ya chuma kile akitazama sakafu.

Nilimwambia karani, "Dada, huyu ni mtu mzima, hasemwi hivyo." Akanijibu bila kuinua uso kwamba asiyetaka ndege, mabasi yapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza uwanja ule ulianzaje. Jina lake ni la mwanamke, Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 pamoja na rubani Tom Campbell Black, ikasafirisha barua na abiria katika nchi ambayo njia zake nyingi zilikuwa hazipitiki wakati wa mvua. Vita vya mwaka 1939 viliizima kampuni hiyo, lakini mwaka 1962 jina la mama huyo lilipewa uwanja. Ni hapo hapo ambapo ndege za madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, huondokea kuwafuata wagonjwa walio mbali na hospitali, na hurudi nao wakiwa kwenye machela. Mahali penye historia ya namna hiyo, mgonjwa mzee anafanywa kichekesho kwa sababu ya uzito wa mwili wake! Sikuweza kulimeza jambo hilo, na sijalimeza mpaka sasa.

Nilikusudia kumwonya kila mtu asiikaribie kampuni ile, lakini haki inanilazimu kumtaja rubani. Alikuja mwenyewe hadi kwenye ngazi, akampa mama shikamoo, akamshika kiwiko na kumweka kwenye kiti kilicho karibu na mlango ili asihangaike na nafasi finyu ya katikati, kisha akamweleza taratibu kwamba tukikaribia pwani ndege ingetikisika kidogo, asiogope. Ndege ilitua kwa ulaini Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege wa Lamu, na yeye ndiye aliyembebea mama begi lake hadi kivulini. Kwa huduma ya angani sina neno ila shukrani, na kwa muda nilidhani hasira yangu imekwisha.

Haikwisha. Tulipovuka kwa boti na kufika nyumbani, mama alikataa chakula cha mchana, na usiku akaniuliza kama ni kweli kwamba alikuwa amekula nafasi ya mtu mwingine. Sasa anasema haendi tena kliniki Nairobi. Njia ya nchi kavu, kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, nyonga yake haiiwezi.

Nimemwandikia meneja barua nikimwomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: mizani izungushiwe pazia, na namba zake zimwelekee karani peke yake, aziandike bila kuzitamka. Sijajibiwa. Mama bado hajakubali safari, ila nimeanza kumbembeleza, na akikubali tutapita Wilson hiyo hiyo. Tiketi yake ya kwenda Nairobi nilikuwa nimekwisha kuilipia kwa kampuni ile, nami nimeamua ipotee. Nitakata nyingine kwa majirani zao ndani ya uwanja huo huo, ingawa bei yao iko juu, baada ya kwenda mwenyewe kuona mizani yao imewekwa wapi.