Siku moja River Road, Louisiana: shamba la Whitney linalipa?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sijawaletea simu wala sufuria. Nawaletea safari: siku moja kwenye River Road ya Louisiana, huku Marekani, kwenye shamba la zamani la watumwa liitwalo Whitney. Mmeniuliza sana kama linalipa, yaani kama linastahili nauli na tiketi. Linalipa, ila msiende kwa ajili ya mandhari.

Maana ukisikia barabara ya mto, unawaza utakuwa unautazama Mississippi njia nzima. Thubutu! Pembeni kuna tuta refu la kuzuia mafuriko na mto uko nyuma yake, huuoni mpaka upande juu. Unachokiona ni miwa, halafu mabomba ya viwanda vya kemikali, halafu miwa tena. Kutoka New Orleans ni kama saa moja. Mimi nilipanda basi la watalii, silitaji jina. Lilichelewa dakika 40 na kiyoyozi chake kilikuwa pambo tu.

Mashamba ya kutembelea huko yako kadhaa. Oak Alley ndilo mnaloliona kwenye picha, lile la mialoni 28 iliyosimama mistari miwili. Zuri, sibishi. Lakini kama mfuko unaruhusu tiketi moja, nenda Whitney. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2014, na pale habari haianzii sebuleni kwa bwana, inaanzia kwa waliolima. Ile nyumba kubwa mimi niliipita kama ninavyopita benki siku sina hela.

Halafu nimesema sina sufuria? Nimewadanganya. Yapo pale, ya chuma, mtu mzima anajikunja akaenea ndani. Ndiyo yaliyochemshia maji ya miwa. Yalipangwa kutoka kubwa hadi dogo, moto chini, mtu anachota uji unaotokota kutoka hili anamimina kwenye lile, na msimu wa kusaga ukifika ni usiku na mchana. Nilichungulia moja: maji ya mvua, majani yanaelea, na chura.

Nilipokaa muda mrefu ni kwenye kuta za majina. Majina 107,000 ya watumwa wa Louisiana, kutoka kumbukumbu alizokusanya mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall. Mengi ni jina moja tu, ubini hakuna. Na katika kumbukumbu hizo, wengi wakiwa wa Senegambia na Kongo, Wamakua, watu wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, wamo! Ndugu zangu wa Masasi, mmenielewa? Basi nikaanza kusoma ukuta kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Wenye watoto wadogo, sikilizeni. Kuna sehemu ya kumbukumbu ya uasi wa watumwa wa 1811, ina sanamu za vichwa vilivyotundikwa kwenye vyuma, maana ndivyo walivyofanywa baada ya kushindwa. Mtoto wa miaka mitano mzungushe upande mwingine. Kuna pia eneo la kumbukumbu ya watoto 2,200 wa watumwa waliofia parokia ya pale (Louisiana wilaya huitwa parokia). Hapo sikupiga video, mtanisamehe.

Kofia, maji, viatu vya kufunika vidole. Kivuli ni kidogo na mbu wa pale hawana adabu. Na msiende Jumanne bila kuuliza, huwa wanafunga.